Mpira wa Jumamosi au matembezi ya kila jioni: kipi kinashusha mafuta ya damu baada ya mlo?

Nacheza mpira kila Jumamosi, na kwa miaka mingi nilijipa moyo kwamba jasho la siku ile linalipia kila nitakachokula mpaka Ijumaa. Jirani yangu hachezi chochote. Yeye hutembea tu, nusu saa kila jioni, kwa mwendo wa mtu aliyechelewa kidogo. Nilikuwa namcheka. Leo ukiniuliza ni nani kati yetu ambaye damu yake itamaliza mapema mafuta ya chakula cha Alhamisi mchana, nitakujibu bila kusita kwamba ni yeye.

Swali hapa si nani ana pumzi, wala nani angemshinda mwenzake mbio. Nazungumzia kitu kimoja mahususi: trigliseridi, yaani mafuta yanayoelea kwenye damu katika zile saa chache baada ya kula. Kwa jambo hilo ushindani kati ya michezo unakwenda kinyume na tulivyozoea.

Mlo wenye mafuta ukishafika utumbo mwembamba, mafuta huvunjwa, huundwa upya, kisha hufungwa kwenye vifurushi vidogo sana vinavyoitwa kailomikroni. Vifurushi hivi haviendi moja kwa moja kwenye ini kama inavyofanya sukari. Hupitia mishipa ya limfu (mirija ya majimaji ya mwili, tofauti na ile ya damu), hupanda kifuani, na kuingia kwenye damu chini ya shingo, upande wa kushoto. Kuanzia hapo trigliseridi hupanda, hufika kileleni baada ya saa tatu au nne, na huchukua saa sita hadi nane kurudi zilikotoka, wakati mwingine zaidi. Sasa weka milo mitatu ya siku juu ya hesabu hiyo. Mafuta ya asubuhi hayajaisha, ya mchana yameshaingia. Ya mchana hayajaisha, ya jioni hayo. Ile damu ya "kufunga" inayotakiwa maabara asubuhi ni damu ya saa chache tu za mwisho wa usiku, na haisemi mengi kuhusu jinsi mishipa yako inavyoshinda.

Nilipata kuyaona kwa macho yangu. Siku moja nilipimwa mchana, kama saa tatu baada ya kula. Mpimaji alizungusha kichupa cha damu yangu kwenye mashine, akakitoa na kukiinua kwenye mwanga. Chini chembe nyekundu zilikuwa zimetulia. Juu yake, mahali ambapo plazma, yale majimaji ya damu, hutakiwa kuwa ya njano hafifu na kupitisha mwanga, palikuwa na ukungu mweupe, kama maji yaliyosuuzia glasi ya maziwa. Akaniuliza nimekula nini. Nikamjibu, halafu nikaongeza kwa fahari kwamba mimi ni mwanamichezo. Ilikuwa Ijumaa. Mechi yangu ya mwisho ilikuwa na siku sita.

Ukungu huo si lazima uwe ugonjwa. Mtu mzima mwenye afya njema naye huwa nao kidogo baada ya mlo mzito. Tatizo ni unapokuwa mwingi, unapokaa muda mrefu, na unaporudi kila siku. Kailomikroni zikishapakuliwa mafuta mengi hubaki masalia, madogo kiasi cha kupenya kwenye ukuta wa ateri, yakiwa yamebeba kolesteroli. Donald Zilversmit, mtafiti wa Marekani, aliandika mwaka 1979 kwamba kuziba kwa ateri kunaweza kutazamwa kama jambo linalotokea baada ya mlo, na wengi hawakulitilia maanani. Mwaka 2007 tafiti mbili, moja ya Copenhagen na nyingine ya wanawake wa Marekani, zilionyesha kwamba trigliseridi zilizopimwa bila kufunga zinaendana na hatari ya mshtuko wa moyo na magonjwa mengine ya mishipa. Mwaka 2016 wataalamu wa Ulaya wakakubaliana kwamba kwa vipimo vya kawaida vya mafuta si lazima mtu afunge, wakaweka alama mbili: milimoli 2 kwa lita (miligramu 175 kwa desilita) kwa aliyekula, na 1.7 (miligramu 150) kwa aliyefunga. Ukifika hapo au kupita, kuna jambo la kuzungumza na daktari.

Vibarua wa siku mbili

Ili ulinganishe michezo, lazima kwanza ujue mazoezi yanafanya nini hasa. Kwenye kuta za mishipa midogo kabisa ya damu, ndani ya misuli na ndani ya tishu za mafuta, kuna kimeng'enya kiitwacho lipoprotini lipasi. Kazi yake ni ile ya kuli bandarini: kailomikroni inatia nanga, yeye anapakua trigliseridi, mzigo unaingia ndani. Ukifanya mazoezi, makuli huongezeka upande wa misuli. Kwa upande wa pili kuna ini, ambalo nalo hutuma shehena yake ya mafuta kwenye damu, na shehena hizo mbili hugombea makuli walewale. Baada ya mazoezi, ushindani huo hupungua.

Makuli hawa, hata hivyo, hawaji papo hapo. Kimeng'enya hicho huchukua saa kadhaa kuongezeka kwenye misuli baada ya kazi kuisha. Ndiyo maana majaribio mengi hufanywa hivi: watu wanafanya mazoezi jioni, wanalala, asubuhi wanapewa mlo wenye mafuta mengi, mara nyingi wa krimu, kisha damu inachukuliwa kila baada ya muda kwa saa sita au nane. Katika mpangilio huo trigliseridi za baada ya mlo hushuka, mara nyingi kwa asilimia 15 hadi 25 hivi, kulinganisha na mtu yuleyule akiwa amepumzika jana yake. Jasho la jana ndilo linalohudumia chakula cha leo.

Na hawakai. Ni vibarua, si waajiriwa wa kudumu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, waliwachukua watu waliozoea mazoezi ya mbio ndefu wakawasimamisha, kisha wakawapima baada ya saa 15, saa 60 na siku sita na nusu. Sehemu kubwa ya faida ilikuwa imeshapotea kufikia saa 60. Hao ni watu wenye pumzi za miaka. Sembuse mimi wa Jumamosi kwa Jumamosi.

Hapo ndipo penye jibu la ukungu wangu wa Ijumaa.

Mpira na matembezi uso kwa uso

Tuanze na nguvu ya mpira, maana ipo. Mpira wa kujifurahisha hutumia takriban kalori 7 kwa kila kilo ya mwili kwa saa. Mtu wa kilo 70 hutumia kama 490. Kutembea kwa kasi ya kilomita 6 kwa saa hutumia kama kalori 5 kwa kilo, yaani 350 hivi kwa saa kwa mtu huyohuyo. (Humo zimo na zile ambazo mwili ungezitumia hata ukikaa, kwa hiyo usizisherehekee zote.) Kwa kipindi kimoja kimoja mpira unashinda, na kwa kuwa jumla ya nishati iliyotumika ndiyo inayoamua kwa kiasi kikubwa trigliseridi zitashuka kiasi gani kesho yake, Jumapili yangu ni nzuri kuliko Jumapili ya jirani. Palepale Loughborough waliwahi kuuigiza mpira maabara kwa mbio za kwenda na kurudi ndani ya mita 20, ukichanganya kutembea, kujogi na kukimbia kwa kasi, na mafuta ya baada ya mlo wa siku iliyofuata yalishuka. Kwa hiyo mpira, pamoja na kusimama na kuanza kwake, unafanya kazi.

Lakini weka wiki nzima mezani. Mechi yangu ya saa moja na nusu, nikiwa nimekimbia kweli, ni kama kalori 735. Nusu saa ya jirani ni 175. Mara saba ni 1,225. Amenizidi kwa jumla, na zaidi ya hapo amesambaza. Mimi nina siku mbili zilizofunikwa na tano za wazi. Yeye hana hata moja ya wazi.

Je, nusu saa ya kutembea inatosha kuleta tofauti inayopimika? Inatosha, ingawa si kubwa kama ya saa moja na nusu. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba si lazima hata iwe nusu saa mfululizo. Kutembea kwa kasi dakika kumi mara tatu kwa siku kumeonyesha matokeo yanayokaribiana na dakika 30 za mkupuo mmoja, na katika utafiti mwingine vipande kumi vya dakika tatu tatu vilileta upungufu kama ule wa dakika 30 mfululizo. Dakika tatu! Huo ni muda wa kutafuta kiatu cha pili kabla ya mechi.

Kuna jambo jingine kuhusu mpira ambalo wachezaji hatulisemi. Dakika tisini za mechi si dakika tisini za kila mtu. Kipa wetu, Mungu amlinde, anaweza kumaliza mchezo akiwa amepiga hatua chache kuliko refa anayelalamika. Beki mzee anayecheza kwa akili naye hivyo hivyo. Na yupo anayeingia dakika ya 70. Wote wataenda nyumbani wakisema wamecheza. Anayetembea hawezi kujidanganya namna hiyo. Ametembea nusu saa au hakutembea.

Halafu kuna majeraha. Kifundo cha mguu kikiteguka, unakaa wiki tatu, na tumeshaona kinachobaki baada ya saa 60.

Isionekane kwamba naudhalilisha mpira. Tafiti za Denmark, hasa za kundi la Peter Krustrup, zimeonyesha kwamba mpira wa kujifurahisha mara mbili au tatu kwa wiki, kwa miezi michache, huongeza pumzi, hushusha shinikizo la damu na hupunguza mafuta ya mwili. Angalia hapo: mara mbili au tatu, si moja. Na hata wale wa wikendi tu wana chao. Utafiti uliotolewa mwaka 2017 kuhusu watu zaidi ya 60,000 wa England na Scotland ulikuta kwamba wanaofanya mazoezi yao yote siku moja au mbili za wiki walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko wasiofanya kabisa. Kwa hiyo ukiwa na Jumamosi tu, cheza Jumamosi. Usitarajie tu kwamba itakuja kukusaidia Alhamisi.

Soda ya baada ya mechi

Hili lina uzito kuliko aina ya mchezo wenyewe. Faida ya mazoezi kwa trigliseridi hutegemea sana pengo la nishati: umetumia, hujarudisha. Ukizirudisha kalori zote mara moja baada ya mazoezi, sehemu kubwa ya faida hupungua, na katika majaribio mengine imetoweka kabisa. Soda ya nusu lita yenye sukari ina kalori 200 hivi. Chupa mbili kivulini, pamoja na kitu cha kukaanga cha kutafuna huku tukibishana kama lile lilikuwa penalti, na mechi nzima imekwisha. Pombe ni mbaya zaidi: ikinywewa pamoja na mlo wa mafuta, yenyewe hupandisha trigliseridi.

Kwa kipengele hiki matembezi yanashinda bila hata kujitahidi. Sijawahi kumwona mtu akirudi kutoka kutembea nusu saa akisema leo nimejitahidi, nileteeni mbili. Mpira unakuja na njaa, na unakuja na marafiki.

Na michezo mingine

Mbio fupi za nguvu zote, kwa mfano sekunde 30 za kukimbia au kupiga pedali kwa uwezo wako wote, mara nne au tano ukipumzika dakika kadhaa katikati, zimeonyesha kushusha trigliseridi za kesho yake japokuwa kalori zilizotumika ni chache. Kwa asiye na muda zinavutia. Ila ni kazi chungu, si za mtu ambaye moyo wake haujapimwa, na wengi huziacha baada ya wiki mbili. Kwangu mimi hizo ni za mtu ambaye tayari ana mazoea.

Vyuma vina habari mchanganyiko. Baadhi ya tafiti zimeona trigliseridi zikishuka baada ya kipindi kirefu cha kunyanyua, nyingine hazikuona kitu. Nyanyua kwa ajili ya misuli, mifupa na sukari ya damu. Kwa mafuta ya baada ya mlo usivitegemee peke yake.

Kuogelea na baiskeli ni sawa na kutembea au kukimbia, mradi nishati iwe ileile. Mwenye magoti mabovu achague hivyo. Tenisi ya mmoja kwa mmoja inakaribiana na mpira. Ya wawili kwa wawili inaweza kushuka hadi chini ya matembezi ya kasi, kutegemea nani anayeokota mipira.

Kabla ya kula au baada ya kula?

Swali hili huulizwa sana, na majibu mengi mtaani yanachanganya sukari na mafuta. Kutembea mara baada ya mlo hupunguza kupanda kwa sukari, na hilo hutokea papo hapo kwa sababu misuli inayofanya kazi huivuta sukari wakati uleule. Mafuta hayaendi kwa kasi hiyo. Saa moja baada ya kula, kailomikroni nyingi bado hazijaingia kwenye damu, na makuli wapya hawajaajiriwa. Kwa trigliseridi, mazoezi yanayofanywa saa 12 hivi kabla ya mlo huleta faida kubwa kuliko yanayofanywa muda mfupi baada yake. Kwa hiyo kama kuna sherehe kesho na unajua utakula, tembea leo jioni. Mwenye kisukari naye ana sababu yake nzuri ya kutembea baada ya kula, asiiache. Ila anayetumia insulini aongee kwanza na daktari wake jinsi ya kuepuka sukari kushuka mno.

Kiti

Hiki ndicho kipengele nilichokichukia zaidi kukisoma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin waliwakalisha watu zaidi ya saa 13 kwa siku, hatua zisizofika 4,000, kwa siku nne. Kisha jioni wakawakimbiza kwa muda wa saa moja, na kuwapa mlo wa mafuta asubuhi iliyofuata. Mbio ile haikushusha trigliseridi kama ilivyotarajiwa. Mwili uliokaa siku nyingi ulikuwa kama umekataa kuipokea faida ya saa moja. Fikiria mchezaji wa Jumamosi anayeshinda kwenye kiti Jumatatu hadi Ijumaa: hata Jumapili yake, ile niliyokuwa najivunia hapo juu, huenda haijatimia.

Kwa hiyo uchague kipi

Kama trigliseridi zako zimetajwa na daktari kuwa juu kidogo, na unaweza kuchagua kitu kimoja tu, chagua matembezi ya kasi ya kila siku au ya siku moja ndiyo moja hapana, dakika 30 au zaidi, yenye mwendo wa kukufanya uongee lakini usiweze kuimba. Kama zimepita milimoli 10 kwa lita, hilo si suala la kuchagua mchezo tena; hapo kongosho liko hatarini na unahitaji matibabu kwanza. Mwenye maumivu ya kifua, au aliyekaa miaka bila mazoezi, naye asianze na mpira.

Kama unapenda mpira kiasi cha kutotaka kitu kingine, basi tafuta mechi ya pili katikati ya wiki, hata ya watano kwa watano kwenye kiwanja kidogo, na maji badala ya soda. Mara mbili zilizotengana zinakupa faida kuliko mara mbili za Jumamosi na Jumapili. Kama huna muda kabisa, vunja nusu saa vipande vipande. Na kama unashinda umekaa, chochote utakachochagua, simama kwanza.

Mimi sikuacha mpira. Niliongeza Jumatatu, Jumatano na Ijumaa jioni, ili pasipite siku mbili nzima bila kitu, na natembea na jirani yuleyule niliyekuwa namcheka. Wiki ya kwanza aliniacha nyuma kwenye kilima akanisubiri juu, mikono kiunoni. Nimemwalika kiwanjani mara kadhaa. Anasema atakuja siku tutakayopata kipa mwingine, kwa sababu anajua ndiyo namba tutakayompa.